Z Mahali pa Y

Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 simu yangu ilikatwa mtandao, na isirudi tena. TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, walikuwa wametangaza kwa miezi kwamba simu bandia zitazimwa nchi nzima, na mimi nilikuwa najua yangu imo. Nilishabonyeza *#06#, nikazituma zile tarakimu 15 za utambulisho wa simu, yaani IMEI, kwenda namba 15090 ya kuhakiki simu, ujumbe ukarudi ukitaja simu ya aina nyingine kabisa, si ile iliyoandikwa mgongoni. Niliinunua barabarani, bila risiti, kwa kijana ambaye sikumwona tena.

Simu peke yake ningevumilia. Shida ni kwamba wiki ileile mama alikuwa amechukua mkopo wa kikoba, shilingi 550,000, ili ninunue kompyuta. Nilikuwa nimemaliza uhazili mwaka mmoja nyuma na nikichapa kazi za wanafunzi kwenye duka la mtu, kwa mashine yake, na sehemu kubwa ya malipo ilibaki kwake. Mama alisema mikono ninayo, kinachokosekana ni mashine. Sasa zile pesa zikawa zinatakiwa kununua vitu viwili, kwa sababu bila simu wateja wangenipataje?

Mjomba wangu alikuwa fundi redio Manzese, Dar es Salaam, na miaka ya karibuni alikuwa ameanza kufungua kompyuta pia. Yeye naye huniita mjomba, ndivyo tulivyozoeana. Nilipompa shikamoo na kumweleza hesabu yangu, aliitikia marahaba, akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama nimeshakwenda kuangalia popote. Nikamwambia bado. "Basi usiende peke yako. Na usiende na pesa yote mkononi."

Tulikwenda Jumamosi ya tarehe 25. Mwendokasi, yale mabasi yenye njia yake peke yake, ilikuwa na mwezi mmoja na nusu tu tangu ianze, nauli 650, na watu walikuwa bado wanapanda kwa hamu ya kuona Kimara na Kariakoo zimekaribiana namna ile. Ilikuwa Ramadhani, kumi la pili linaishia, na Kariakoo ilikuwa imeshaanza kufurika watu wa nguo za Idi. Sote wawili tulikuwa tumefunga. Nalitaja hili kwa sababu tulikaa juani na madukani kwa muda wa karibu saa sita, na mjomba hakuharakisha hata kitu kimoja.

Duka la kwanza niliingia mimi mbele. Kulikuwa na mashine nyembamba, ya rangi ya fedha, inang'aa kama kijiko kipya. Shilingi 450,000. Nilishaiona iko mezani kwangu. Mjomba aliigeuza chini, akaangalia kila upande, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ramu, ile kumbukumbu ambayo mashine hufanyia kazi, imegandishwa kwenye bodi, haiongezwi. Na betri imo ndani, ikichoka ni kufungua mashine nzima. Kisha akaiwasha upya huku anabonyeza kitufe cha kuingilia kwenye BIOS, ile mipangilio ya ndani inayoamka kabla ya Windows. Kikatokea kisanduku kinadai nywila.

"Hiyo mzee isikupe shida," muuzaji alisema, "fundi anaitoa dakika tano."

Mjomba alimshukuru, akaifunga taratibu, tukatoka. Njiani ndipo aliponieleza. Nywila ya aina ile huwekwa na kampuni iliyokuwa inamiliki mashine, na kwenye mashine nyingi za kiofisi haitoki hata uking'oa ile betri ndogo ya saa. Mashine ikifika mtaani ikiwa bado imefungwa, ama walioiuza walisahau kuifungua, ama haikuuzwa na mwenyewe. "Hatuwezi kujua ni ipi kati ya hizo mbili. Na kwa pesa ya mama yako hatubahatishi." Iliniuma, nasema kweli. Nilitembea mtaa mzima nikiifikiria ile rangi.

Akanieleza jambo ambalo mpaka leo nalirudia kwa kila anayeniomba ushauri. Kampuni kubwa za Ulaya hununua au hukodi mashine imara za ofisini kwa mamia, huzitumia miaka mitatu au minne, kisha huziuza zote kwa mkupuo. Hizo ndizo nyingi tunazozikuta kwetu. Ni nene, hazina mvuto, lakini zilitengenezwa zifunguliwe na mafundi na zibadilishwe vipuri. Zile nyembamba za bei rahisi zilitengenezwa zipendeze dukani siku ya kwanza. Ukiwa na pesa kidogo ununue ile ambayo ilikuwa ghali ilipokuwa mpya.

Duka la tatu ndipo tulipoikuta. ThinkPad X220, nyeusi, kioo cha inchi 12.5, prosesa ya i5, toleo la 2011. Mgongoni kulikuwa na alama ya gundi palipobanduliwa kibandiko cha ofisi. Ilikuwa imewekwa rafu ya chini kabisa, na nilipoifunua nikaelewa kwa nini. Kibodi ilikuwa ya Kijerumani. Palipotakiwa Y palikuwa na Z, na palipotakiwa Z palikuwa na Y, na pembeni kulikuwa na herufi zenye nukta mbili kichwani.

Muuzaji, kijana mpole, alisema wazi kwamba imerudishwa rafuni mara nyingi. Mteja anaikubali mpaka anapoanza kuandika. Na ni kweli, kwa Kiswahili huwezi kumaliza mstari bila "ya" na "za". Kila ukitazama vidole unapotea.

Lakini mimi sitazami vidole. Miaka miwili chuoni tulichapa kibodi ikiwa imefunikwa kitambaa. Nilimwomba anibadilishie mpangilio wa kibodi kwenye Windows uwe wa Kiingereza, nikafungua ukurasa mtupu, nikaandika aya nzima nikiangalia ukutani. Herufi zote zilitoka mahali pake. Mjomba alinitazama na hakusema kitu, ila akavuta kiti akakaa. Hapo nikajua tumefika.

Upimaji ulichukua saa moja na nusu. Aliingia BIOS kwa F1, ikafunguka bila nywila, na namba ya mashine iliyomo ikalingana na ile ya kibandiko cha chini. Chini palepale palikuwa na kibandiko cha Windows 7 Professional, namba zake bado zinasomeka. Kila tundu la USB alilichomeka flashi. Kila herufi niliibonyeza. Tulijaza kioo rangi nyeupe kutafuta nukta zilizokufa, hakuna. Tuliacha video icheze muda mrefu huku mkono wake uko kwenye tundu la feni. Kisha akafungua dirisha jeusi la amri, akaandika powercfg -energy, tukasubiri zile sekunde 60. Ripoti ilionyesha betri iliyoundwa kubeba wati-saa 63 sasa inabeba 37. Zaidi ya nusu. Kwa umri ule ilikuwa habari njema, na betri yenyewe inachomoka kwa kusukuma vishikizo viwili.

Diski ndiyo iliyotuangusha. Kwenye flashi yake mjomba alikuwa na CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, na ilipofunguka badala ya buluu ya uzima ikaonyesha njano ya tahadhari. Sekta, vile vijisehemu vinavyotunza data, zilikuwa zimeanza kufa. Mimi roho ilinishuka, nikadhani tunaondoka tena. Mjomba ndiyo kwanza akaanza kuulizia bei.

Muuzaji alianzia 480,000. Mjomba hakuikashifu mashine, wala hakupandisha sauti. Alimgeuzia kioo, akamwonyesha njano, akamweleza maana yake, akamwambia diski itabidi ibadilishwe leo hii. Akamkumbusha habari ya rafu ya chini. Kijana akashuka 420,000. Nikaingilia mimi: "Kaka, hii kibodi ni mimi tu ninayeiweza. Nikitoka hapa itakaa mpaka Idi ijayo." Alicheka, akakuna kichwa. Tulifunga kwa 350,000 pamoja na chaja yake halisi, risiti yenye namba ya mashine, na makubaliano ya siku saba ikitokea hitilafu. Diski ya GB 500 tuliipata duka la jirani kwa 65,000, baada ya kuipima nayo na kuona buluu.

Simu haikuchukua muda. Nilitaka iPhone 5 iliyokuwa kwenye kabati moja, bei nzuri mno, mpaka mjomba alipoomba iwashwe na ikadai akaunti ya mwenyewe wa kwanza. Tukachukua Samsung Galaxy S4 mini ya mtumba, 120,000. Alibonyeza *#0*#, ile menyu ya kujipima ikafunguka, tukapita rangi nyekundu, kijani na buluu, spika, mguso, kamera. Akatoa betri, akalinganisha IMEI ya kibandiko na ile ya *#06#, kisha tukatuma kwenda 15090 kwa simu yake. Safari hii jina lililorudi lilikuwa lenyewe.

Zilibaki 15,000. Tulinunua tende na nauli ikabaki.

Tulifika nyumbani saa kumi na mbili kasoro, adhana ikatukuta kwenye mkeka. Baada ya futari mjomba alifungua skrubu moja tu ubavuni, akachomoa diski ya zamani, akaingiza mpya, akaweka Windows 7 kwa ile namba ya kibandiko. Alinihimiza nitafute bando la usiku nipandishe hadi Windows 10 kabla ya tarehe 29 Julai, siku ambayo kupandisha bure kulikuwa kunakoma.

Umeme ulikatika kabla hajamaliza kukunja nyaya zake. Mashine ikaendelea kwa betri. Juu ya kioo ina kitaa kidogo kinachomulika kibodi, na kwa mwanga ule mama aliinama akasoma vitufe kimoja kimoja.

"Mbona Z imekaa kwa Y?" akauliza, na nikasikia hofu yake kwa zile pesa za kikoba. "Hamjauziwa mbovu?"

Nilifumba macho, nikaandika jina lake na la baba yake na la babu yake, na Z zake mbili zimo. Nikamgeuzia kioo. Aliyasoma yote matatu kwa sauti. Kisha akauliza ukurasa mmoja nitatoza shilingi ngapi. Nikamwambia mia tano, na papo hapo akaanza kuhesabu kwa vidole kurasa za kila wiki mpaka tarehe ya marejesho.