Gari Linalotetemeka Alfajiri Tu

Ukisema mbele ya watu wa Mombasa kwamba gari lako lina tabu ya baridi, utachekwa. Baridi gani, na sisi twalala na feni? Hata Julai, kusi ikivuma na wazee wakatafuta mashuka mazito, alfajiri yetu haishuki sana chini ya nyuzi 21. Lakini injini haina hesabu hiyo. Injini hustarehe ikishavuka nyuzi 80. Chochote kilicho chini ya hapo kwake ni baridi, iwe imelala Bombolulu au Limuru.

Mimi nauza mahamri na mbaazi. Natoka Bombolulu kabla hakujapambazuka, napita Kongowea, navuka daraja la Nyali, na nataka ndoo zangu ziwe zimefika Moi Avenue na Treasury Square kabla watu wa ofisi hawajaketi mezani. Usafiri wangu ni Vitz ndogo ya silinda 3, injini ya cc 996. Mwaka huu ilianza tabia. Naiwasha, inashika mara moja, kisha inatetemeka hadi vifuniko vya ndoo vinagongana kiti cha nyuma. Taa ya injini inapepesa. Sailensa inatoa kitu cheupe. Baada ya dakika moja hivi inatulia, na ukiiendesha siku nzima huwezi kuapa kwamba ina kasoro.

Hapo ndipo mafundi waliponichosha. Nikimaliza kusambaza ni saa nne, injini ishapashika, nafika gereji na hadithi tu. "Dada, mbona yanguruma vizuri?" Wa kwanza aliniuzia plagi. Wa pili alitaka tubadilishe koili zote, zile zinazozipa plagi umeme wa cheche. Wa tatu alichomoa waya wa betri "kuisafisha kompyuta", na kwa kufanya hivyo akafuta kumbukumbu ya hitilafu iliyokuwa imehifadhiwa mle ndani, kabla hata ya kuisoma. Huyo sikurudi kwake tena.

Msimamo wangu ni huu: tatizo la injini baridi hutafutwa injini ikiwa baridi. Ama gari lilale kwa fundi, ama fundi aje kwako wakati wa adhana. Aliyenielewa ni ami yangu wa Tudor, ambaye si fundi wa magari kamwe. Alikuwa fundi umeme katika karakana za bandarini hadi alipostaafu, na ana tabia moja niipendayo, kwamba hagusi spana kabla ya kupima. Nilimwachia gari jioni, mahamri yakaenda kwa tuktuk.

Alinieleza kwanza kwa nini dakika ile ya mwanzo ni ngumu. Petroli haiungui ikiwa majimaji, huungua ikiwa mvuke. Chuma kikiwa baridi, sehemu ya petroli hubaki matone kwenye kuta za njia ya hewa na silinda, kwa hiyo kompyuta huongeza petroli ili mvuke utosheleze. Yajuaje kwamba injini ni baridi? Kuna sensa ndogo iliyochovya kwenye maji ya injini. Na kipimo chake cha pili, sensa ya oksijeni iliyo kwenye bomba la moshi, hakifanyi kazi mpaka kipate moto wa nyuzi kama 300. Kwa hiyo mwanzoni kompyuta hufuata jedwali lake tu. Ni mpishi anayetia chumvi bila kuonja. Sensa ya oksijeni ikishaamka, kompyuta huanza kurekebisha, na hewa inayovuja mahali au nozeli ya kupulizia petroli iliyochoka hufunikwa na marekebisho hayo. Ndiyo maana saa nne gari langu lilionekana zima.

Alfajiri ile alianza na ile sensa ya maji, kwa sababu ndiyo rahisi kupima na ndiyo ikidanganya inaharibu kila kitu. Ikisema injini ni ya moto na kumbe imelala usiku kucha, petroli hupungua na gari hukohoa. Alichomoa kiunganishi cha waya wake, akaweka mita. Ilisoma omu 2,000 na ushei, ambayo ndiyo inayotakiwa kwa asubuhi ya nyuzi 24. Baadaye, injini ikiwa ya moto, ilishuka hadi omu mia tatu na kidogo. Sensa yasema kweli.

Halafu kompyuta. Skana yake ya kusomea hitilafu ni ile ndogo ya kuunganisha na simu, lakini aliiweka kabla sijawasha, akaiacha isome gari likiwa katikati ya kutetemeka. Ikaja namba ya hitilafu, P0302. Tarakimu ya mwisho ndiyo namba ya silinda, kwa hiyo silinda ya pili haichomi. Akahamisha koili na plagi ya silinda ya pili akazitia ya kwanza, za kwanza akazitia ya pili. Kama ni koili, kesho yake hitilafu ingehamia P0301. Kesho yake ilikuwa ile ile, P0302. Koili tatu nilizokuwa karibu kuzinunua zingekwenda bure.

Mambo mengine aliyapitia upesi. Alipuliza dawa ya kusafishia kabureta kwenye mipira na kiungo cha njia ya hewa injini ikiwa bado baridi, na mngurumo haukubadilika, maana yake hewa haivuji hapo. Throtoli, mlango wa kuingizia hewa, ilikuwa na masizi, tukaisafisha, haikuleta tofauti. Nozeli inayodondosha usiku hujulikana kwa harufu kali ya petroli na moshi mweusi unapowasha, na mimi sikuwa na hivyo.

Mimi nilikuwa na cheupe.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu naona watu wengi wa Mombasa wanapitwa na dalili hii. Ukienda Limuru asubuhi ya Julai kila gari hutoa mvuke mweupe na hakuna anayeshtuka. Ni maji yanayotokana na kuungua kwa petroli, yanagandana kwenye hewa baridi. Hapa kwetu hewa haina ubaridi wa kuufanya mvuke huo uonekane kwa muda. Ukiona wingu jeupe nyuma ya gari lako asubuhi pale Bombolulu, na linadumu, jiulize maji hayo yametoka wapi. Ami aliniuliza swali moja: "Mwanangu, maji ya rejeta waongeza mara ngapi?" Nilikuwa naongeza. Si mengi, kikombe leo, kikombe wiki nyingine, na hakuna tone chini ya gari.

Akasema tufungue plagi kabla ya kuwasha. Ya kwanza na ya tatu zilikuwa za rangi ya kahawia hafifu, kavu. Ya pili ilikuwa safi kupita kiasi, imeoshwa, na kwenye ncha kuna unyevu. Niliunusa na kusikia si petroli. Kulanti, ile dawa ya rejeta ya kupozea injini, ingekuwa na harufu ya utamu fulani, lakini kwenye rejeta yangu hamkuwa na kulanti, mlikuwa na maji matupu, na maji hayana harufu ya kukuambia chochote.

Uthibitisho alioutaka ulikuwa mmoja. Aliazima pampu ya kupimia rejeta, ile yenye saa ya presha, inayofungwa mahali pa kifuniko. Jioni tulijaza maji, tukapampu hadi kiwango kilichoandikwa juu ya kifuniko, tusizidishe, tukaacha usiku kucha. Asubuhi sindano ilikuwa imeshuka. Tukatoa plagi zote, tukachomoa nyaya za koili na nozeli, nikazungusha starta. Kwenye tundu la pili yakaruka maji kama ya chupa ya manukato hadi ukutani. Ami hakusema kitu, alienda kuosha mikono.

Basi hii ndiyo hali ilivyokuwa. Ukizima injini ya moto, maji ndani ya mfumo bado yana presha. Gasketi ya hedi, utandiko unaoziba kati ya silinda na hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ilikuwa imeliwa kati ya tundu la maji na silinda ya pili, kwa hiyo wakati injini inapoa, maji yanajipenyeza kidogo kidogo na kutuama juu ya pistoni. Alfajiri naiwasha, silinda nyingine zafanya kazi na hiyo ya pili yatapika mvuke. Chuma kikishapata moto kinatanuka, ufa unabana, maji yaliyobaki yanachemka na kutoka, na gari latulia. Na ukiachia hivyo, siku moja maji yatakuwa mengi kiasi pistoni haiwezi kuyabana, na hapo unapinda mkono wa pistoni. Sikungoja siku hiyo.

Hedi ilipofunguliwa tuliona pia kilichoileta. Ni ya alumini, na kandokando ya matundu ya maji ilikuwa imetobokatoboka, na utando wa chokaa umejaa njiani. Gari hili lilipotoka Japani lilikuja na kulanti ya waridi. Mahali fulani baadaye, gereji moja ilibadilisha hosipaipu, ikamwaga kulanti na kujaza maji ya kisima. Visima vyetu vya pwani vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, vingi vina uchumvi na chokaa. Yafaa kufua, na hata hapo sabuni hulalamika. Kwenye injini ya alumini ni sumu ya taratibu.

Na gereji hiyo hiyo, nadhani, ndiyo iliyotoa thamostati, kile kilango kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Nyumba yake ilikuwa tupu. Hili ni gonjwa la mji mzima: "Mombasa joto, dada, thamostati ya nini?" Thamostati ya gari kama hili hufunguka karibu na nyuzi 82. Mchana wa Machi, jua la kutoboa utosi, hewa yetu ni nyuzi 33 hivi. Toka 33 hadi 82 bado ni safari, na bila thamostati maji yanazunguka kwenye rejeta tangu unapowasha, injini inachelewa kupashika, na kompyuta inaendelea kumimina petroli ya baridi. Vitz haina mshale wa joto, ina taa ya bluu tu ya kusema injini bado baridi. Yangu ilikuwa inawaka mpaka darajani Nyali na mimi nadhani ndivyo ilivyotengenezwa.

Matengenezo yenyewe hayana hadithi ndefu. Fundi wa hedi aliweka rula ya chuma, bamba la kupimia la 0.05 mm likapenya chini yake, maana yake hedi imepinda, ikaenda kusawazishwa. Gasketi mpya, bolti mpya, zikakazwa kwa hatua kuanzia katikati kwenda nje kwa spana ya kipimo. Ami alisimama pale na kuhesabu kwa sauti. Thamostati mpya, kifuniko cha rejeta kipya, kulanti iliyochanganywa tayari, na maji ya kisima yakarudi kwenye kufua.

Alfajiri sasa inashika na kutulia. Usitarajie itulie kama ya silinda 4, maana silinda 3 zina mtetemo wake wa kuzaliwa, na nikiwasha eesi kwenye foleni ya Buxton usukani bado unanguruma mkononi. Hiyo ni maundingi, kishikilio cha injini, ya upande wa kulia, raba yake imepasuka, ami aliiona akiwa chini ya gari. Nitaibadilisha nikimaliza deni la hedi.