Jino likaacha kuuma, nikajua limepona, kumbe

Ilianza Julai, na mliopo Moshi mnaijua baridi ya Julai, mlima unajifunika wiki nzima na asubuhi ukipanda boda upepo unaingia mpaka kwenye mifupa. Sasa mi kila nikishuka soko la Memorial kufungua biashara yangu ya mitumba, upepo ukigusa gego langu la chini kushoto nasikia mchomo mpaka sikioni. Mwanzoni ilikuwa sekunde mbili tatu imeisha, baadae ikawa nafika, nafungua belo, napanga mashati, bado linauma tu. Afu likahamia usiku. Nikilala linagonga tu tu tu kufuata mapigo ya moyo, nikikaa linapungua, basi siku nne nimelala nimekaa kwenye kochi kama mlinzi wa getini.

Na jino likiuma kila mtu anakuwa daktari. Shangazi yangu wa Kibosho akasema karafuu, jirani wa kibandani akasema maji ya chumvi, kijana wa duka la dawa akanifungia amoksilini na diklofenaki hata hajaniambia nifungue mdomo. Kuna mwingine akanishauri nisage aspirini niibandike pale pale, aisee msijaribu, jino liliendelea kuuma na fizi ikaungua ikawa nyeupe, nikawa na vidonda viwili badala ya kimoja. Karafuu angalau ilitoa nafuu ya nusu saa. Baadae nikaja kuambiwa yale mafuta yake hata madaktari wanayatumia kwenye dawa ya kuziba jino kwa muda, ndio ile harufu inayokupokea mlangoni kwenye kliniki za meno.

Siku ya tano kimya. Nikanywa mtori wa moto kabisa, hamna kitu, nikampigia shangazi nikamwambia karafuu imefanya kazi.

Wiki tatu mbele kikatokea kijipu kwenye fizi, kinatoa usaha, na nikigonganisha meno lile gego nalihisi limerefuka kuliko wenzake. Hapo ndio nikaenda kwa daktari wa meno, dada mmoja mpole sana, akapiga picha ya eksirei akanionyesha kivuli cheusi kwenye ncha ya mzizi.

Mi kabla ya hapo nilijua jino ni kama jiwe. Akaniuliza, kaka, unakula supu ya kongoro? Ule uboho unaounyonya kwenye mfupa, na jino nalo lina kitu laini katikati, kuna mishipa ya damu na ya fahamu, kinaanzia huku juu kinashuka mpaka nchani mwa mizizi. Tundu likichimbika bakteria wakakifikia, kinavimba, ila ukivimba mguu ngozi inatanuka, ndani ya jino kitatanukia wapi? Ndio maana linauma kuliko kidonda cha kawaida, na ukilala damu inazidi kichwani linauma mara mbili. Afu kile kitu kikifa, na fahamu yake inakufa, unaona kimya. Yaani siku niliyokuwa nashangilia mtori ndio siku jino lilikata roho.

Nikamuuliza mbona nilimeza dozi nzima ya amoksilini. Akasema dawa inasafiri na damu, na ndani ya jino lililokufa damu haifiki, kwa iyo bakteria wamejifungia mle wanakula tu, unawapunguza huku nje wanatoka tena. Dawa hizo zina kazi yake uvimbe ukianza kusambaa. Na hapa akawa mkali kidogo: ukiona uvimbe unashuka shingoni, au kumeza na kupumua kunakuwa shida, usisubiri kesho, nenda hospitali usiku huo huo.

Nikamwambia basi ling'oe. Akasema naweza sasa hivi, na ni rahisi kwako, lakini ndilo unalotafunia, likitoka yale ya pembeni yanaanza kuinamia kwenye pengo. Njia nyingine ni kutibu mzizi, ile wanaita ruti kano. Bei aliyonitajia nikahesabu mashati, nikanyamaza, nikakubali.

Kulala kwenye kile kiti ndio kazi, maumivu hamna, sindano ya ganzi tu ndio unaisikia. Akalivisha jino kipande cha mpira chenye tundu, likabaki limechomoza peke yake, akatoboa juu akaanza kuingiza vitu kama sindano za kushonea ila vina miparuzo, anakwangua ndani. Gego kama langu mara nyingi lina mifereji mitatu, jino la mbele mmoja, ndio maana bei hazifanani. Akaosha na dawa nikasikia harufu ya Jik, nikadhani nafikiria vibaya, kumbe kweli kemikali ni ile ile ya kuua vijidudu, na ule mpira ndio unazuia isikumwagikie mdomoni. Akaweka dawa, akaziba kwa muda, rudi baada ya wiki mbili.

Awamu ya pili akajaza mifereji na kitu kinaitwa gata-pacha, ni utomvu wa miti ya huko Malesia na Indonesia. Usiku nikakisoma kwenye simu, nikakuta karne ya 19 waya za simu za maandishi zilizopita chini ya bahari ya Atlantiki zilivishwa huo huo utomvu maji yasiingie. Sasa uko kwenye gego la muuza mitumba.

Ganzi ilipoisha nikitafuna linauma kidogo, siku tatu ikaisha. Kijipu kikanywea.

Kitu kingine, mi nimekulia Maji ya Chai, kule Arusha, meno yangu ni ya kahawia, nilikuwa naona aibu nikidhani ndio kuoza kwenyewe. Akasema hapana, rangi ni floraidi ya maji tuliyokunywa tukiwa watoto meno yakiwa bado yanajijenga, tundu ni habari nyingine.

Kilichobaki ni kofia, ile ya kulifunika jino lote juu, maana gego likishachimbwa hivyo linabaki dhaifu, linaweza kupasuka. Bado najichanga, mahindi ya kuchoma nayapita tu.

Juzi shangazi kapiga.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba, umeling'oa?"

"Hapana, lipo, ila lilishakufa, limezibwa. Daktari anasema fizi na mfupa ndio vimelishika na vyenyewe ni vizima, haliwezi kudondoka."

Akakaa kimya kidogo.

"Kwa hiyo unatembea na maiti mdomoni?"

"Ndio shangazi, na bado naitafutia hela ya kofia."