Nukta Nyekundu

Juzi binti yangu alikuwa akitafuta karatasi ya kuchorea, akaibuka na lile daftari lenye matone ya nta juu ya jalada. Alilifungua katikati akaniuliza, "Baba, nani aliweka nukta hii nyekundu kwenye mchoro wa Baba Mdogo?" Nilimjibu kwamba niliiweka mimi, tarehe 23 Mei 2023. Yeye akarudi kwenye kazi yake, lakini mimi sikuweza kurudi kwenye yangu.

Mchoro wenyewe ni wa mwishoni mwa Mei 2022. Mdogo wangu alikaa karibu saa nzima uani kwetu Mpwapwa, ameing'ata tochi iliyopakwa rangi nyekundu ya kucha, akinakili kwa penseli nyota hafifu zinazoonekana pamoja na galaksi ya Messier 101, karibu na mkia wa kundinyota la Dubu Mkubwa. Nilimharakisha, kwa sababu nilitaka tuigeuzie darubini mahali pengine kabla baridi haijatushinda. Akaniambia, "Kaka, subiri. Iko siku tutataka kujua nini hakikuwepo." Miezi michache baadaye alipata kazi Muscat, akaniachia darubini na daftari.

Kisha ikaja habari. Tarehe 19 Mei 2023, Koichi Itagaki wa Yamagata, Japani, mtu aliyekwisha kugundua supanova nyingi, yaani nyota zinazolipuka, kwa darubini zake mwenyewe, aliona nyota mpya katika galaksi hiyohiyo. Saa chache baadaye darubini iitwayo Liverpool, iliyopo kisiwani La Palma, ilichanganua mwanga wake na kuthibitisha kwamba ni supanova ya aina ya pili, yaani kifo cha nyota kubwa ambayo kiini chake kimeishiwa fueli kikaporomoka, na matabaka yake ya nje yakarushwa angani. Ikapewa jina SN 2023ixf. Wataalamu hawakuhitaji neno langu, lakini nilitaka kuiona mwenyewe, na zaidi ya kuiona, nijue kwa hakika kwamba ninachokiona ndicho.

Mawingu yalininyima usiku wa kwanza na wa pili. Usiku wa tatu, anga lilikuwa safi. Mwezi mwembamba ulikaa karibu na Zuhura upande wa magharibi, nikangoja hadi ulipotua karibu na saa nne. Saa nne na nusu Messier 101 ilifika juu kabisa inakoweza kufika kwetu, nayo ni theluthi tu ya njia kutoka upeo wa kaskazini hadi utosini. Nilianzia kwenye Mizar na Alkaid, nyota mbili za mkia wa Dubu, nikakadiria pembetatu, nikasogeza darubini taratibu hadi ukungu hafifu ulipoingia, ule ambao ukiukodolea macho unatoweka na ukiutazama kwa pembe ya jicho unarudi. Ndani ya uwanja ule mdogo wa darubini palikuwa na nyota kadhaa. Ipi kati yao ilikuwa imekufa miaka milioni 21 iliyopita, na zipi zilikuwa nyota za kawaida za galaksi yetu, zilizosimama tu njiani?

Hapo ndipo nilipolifungua daftari. Darubini ya kioo kama yetu hupindua picha, kwa hiyo niliiacha bila kuisogeza, nikatazama nyota zinatoweka upande gani wa uwanja, maana upande zinakotowekea ndio magharibi, kisha nikalizungusha daftari mapajani mpaka mchoro ulipolingana na anga. Nikaanza kuhesabu. Hii ipo, hii ipo, hii ipo. Nilikuwa nikitazama, nikiinama kwenye mwanga mwekundu, nikiinuka tena na kusubiri jicho lizoee giza upya, na kila safari ilichukua dakika nzima. Kando ya baka dogo la mwanga kwenye mkono wa galaksi palikuwa na nyota angavu kuliko nyingi za jirani zake. Nikainama. Kwenye karatasi, mahali pale palikuwa peupe, hapana hata alama ya kifutio.

Moyo ulinienda mbio, kisha shaka ikaniingia. Weupe ule ungeweza kumaanisha kwamba nyota haikuwepo, au kwamba mchoraji aliisahau kwa kuwa kaka yake alikuwa akimharakisha. Nilimpigia simu, Muscat ilikuwa imekaribia saa saba usiku. Hakulalamika kuamshwa. Aliniuliza kama ni pale kando ya baka, nikasema ndiyo. Akanyamaza, kisha akasema, "Pale nilirudia mara tatu. Sikuweka kitu kwa sababu hapakuwa na kitu." Nikamwomba ruhusa, nikaweka nukta kwa kalamu nyekundu. Baadaye nilisoma kwamba kuna waliorudi kwenye picha walizopiga siku moja kabla ya tangazo, wakaikuta nyota imo tayari, nao walikuwa wameipita.

Yeye hakuiona. Alikuwa chini ya taa za mji, bila darubini, na kwa macho matupu nyota ile haikuonekana popote duniani. Alipokuja likizo Juni 2024 tuliitafuta pamoja, tukaukuta ukungu peke yake. Nilitaka kumwomba radhi kwa lile harakaharaka la 2022, lakini yeye alikuwa amekwisha kuing'ata tochi na kufungua ukurasa mpya. Alichora nyota zilezile moja baada ya nyingine, nami safari hii nilimshikia daftari kimya. Alipofika kando ya lile baka, alichora duara dogo kwa penseli, na ndani yake hakuweka kitu.