Leseni Imetimizwa, Kazi Bado

Wenzangu walioajiriwa kwenye kampuni huniuliza swali lilelile kila wakitaka kutumia msimbo wa jumuiya, yaani maandishi ya programu yaliyo wazi kwa yeyote kuyatumia na kuyabadilisha: "Leseni inatulazimu tutoe nini?" Nawaelewa. Mchana na mimi ni mwajiriwa, nina bosi na tarehe ya kukabidhi kazi. Jioni, hapa Arusha, nakaa upande wa pili: napitia viraka vya watu, yaani mabadiliko ya msimbo wanayotuletea, kwenye maktaba ndogo ya programu huria (msimbo ambao programu nyingine huutumia ndani yake) ninayoitunza na wenzangu. Kutoka huku, swali hilo halitoshi kabisa.

Huwa nawasimulia kisa cha KHTML. Ni injini ya kuonyesha kurasa za wavuti iliyoandikwa na KDE, jumuiya ya programu huria, kwa ajili ya kivinjari chao, Konqueror. Januari 2003 Apple ilitangaza kivinjari chake, Safari, na ndani yake ilikuwa injini hiyohiyo. Waliipenda kwa kuwa ilikuwa ndogo na msimbo wake unasomeka. Don Melton, aliyeongoza timu ya Safari, aliwaandikia KDE kuwashukuru na kuwaorodheshea waliyobadilisha. Mwanzo mwema.

Basi, LGPL, leseni huria ya KHTML, iliitaka Apple itoe msimbo iliyoubadilisha, nayo ikautoa. Tatizo ni kwamba ulikuja kwa mafurushi. Marekebisho mengi yalifungwa pamoja, mengine yakitegemea mifumo ya Mac, bila historia ya nini kilibadilishwa lini na kwa nini, na rejista ya hitilafu ilibaki ndani ya Apple. Mtu wa KDE akiona mstari umebadilishwa, atajuaje ulikuwa unatibu nini? Aprili 2005 Safari ikafaulu Acid2, jaribio la kupima kama kivinjari kinaonyesha kurasa sawasawa na viwango vya wavuti. Watumiaji wa Konqueror wakaanza kuuliza na wao watapata lini, hapo ndipo watu wa KDE wakasema hadharani jinsi walivyochoka. Juni mwaka huohuo Apple ikaufungua mradi wa WebKit, yaani injini yake iliyotokana na KHTML: hazina ya msimbo wazi, rejista ya hitilafu wazi.

Leseni haikuguswa. Walibadilisha namna ya kufanya kazi tu, na mwaka 2008 Google ikaijenga Chrome juu ya WebKit. Kwa KHTML yenyewe muda ulikuwa umepita, matawi mawili, la KDE na la Apple, yalishaachana mno. Hadi leo Chrome ya simu yako ikifungua tovuti hujitambulisha kwa mstari wenye herufi KHTML, lakini mradi wenyewe haupo tena. Hilo linaniuma.

Kwetu kulitokea jambo dogo la namna hiyo. Kampuni moja ilituletea kiraka kimoja chenye kila walichobadilisha tangu waanze kututumia. Ndani mlikuwa na tiba nzuri sana ya hitilafu ya tarehe, imechanganyika na majina ya wateja wao. Hatukuweza kukipokea. Kijana wao mmoja aliomba ruhusa kwa mkuu wake, akakichambua: badiliko moja, sababu yake, jaribio lake. Cha tarehe kilipita wiki hiyohiyo, na tangu hapo hawalazimiki kukibandika upya kila tukitoa toleo.

Kwa hiyo mkikutana na mwanasheria wa kampuni, msiishie kwenye leseni. Ombeni idhini ya maandishi ya kuchangia, ombeni na saa za kazi za kujibu maswali ya wanaopitia msimbo wenu. Na leteni kiraka cha kwanza kabla hamjajenga cha pili juu yake.