Amplifaya iliyokuwa ikizima katikati ya benga

Nyumbani kwangu Kondele, Kisumu, kila nikiongeza sauti benga ikolee, amplifaya ilizima baada ya dakika kumi, kifuniko kikichoma kiganja. Nilidhani ni umeme. Kumbe nyuma ya spika pameandikwa omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani; ikipungua, umeme mwingi zaidi hupita), na amplifaya inataka omu 8 kwenda juu. Kitufe cha sauti kikiwa palepale, spika zilivuta mkondo mara mbili ya ule ambao amplifaya iliundwa kuutoa.

Nikanunua amplifaya nyingine. Safari hii sikuangalia "wati 2000 PMPO" za kwenye boksi, yaani nguvu ya kilele cha kufumba na kufumbua, namba ya kuvutia wateja tu. Nilisoma RMS, yaani nguvu inayoweza kutolewa mfululizo: wati 60 kila upande, kwa omu 4. Sebule yangu haihitaji zaidi. Sasa gitaa la solo nalisikia uzi kwa uzi, na kifuniko hubaki vuguvugu.