Ethi ya antena ya CB kwenye lori

Madereva wengi tuliotoka Afrika Mashariki tukaja kuendesha malori Marekani wameachana na redio ya CB, ile ya mawasiliano ya madereva barabarani, wanasema simu inatosha. Mimi chaneli 19 siizimi: ndiyo inayoniambia mbele kuna ajali kabla sijaingia kwenye foleni. Kwa hiyo iliniuma sana redio ilipobaki kukoroma tu, na wenzangu hawanisikii hata tukiwa karibu.

Fundi mmoja alitaka kuniuzia redio mpya. Nikafunga kwanza mita ya SWR, kipimo cha mawimbi yanayorudi kwenye redio badala ya kutoka kwa antena: zaidi ya 3, kuanzia chaneli 1 hadi 40. Ikiwa juu kote hivyo, anza na ethi, yaani muunganisho wa antena na chuma cha lori.

Antena imefungwa kwenye mkono wa kioo cha pembeni. Ni chuma, ndiyo, lakini kimekalia plastiki na mpira. Niliweka ncha moja ya multimita kwenye bano la antena, nyingine kwenye chasisi. Kimya: umeme haupiti. Nikakwangua rangi kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, nikaweka washa ya meno, nikavuta utepe mpana wa shaba iliyosukwa kutoka kwenye bano hadi chasisi, nikiulegeza kidogo penye bawaba ili mlango ufunguke. Usitumie waya mwembamba mrefu. Kwa mawimbi ya megahezi 27 unageuka kizuizi. Juu yake nikapaka grisi, maana chumvi ya barabara za baridi huku inakula kila kitu.

SWR ikashuka hadi 1.5. Ikigoma kushuka chini ya 3, usibonyeze maiki, utaunguza transista za kurushia.