Dizeli yangu ilivyokuwa inanizimikia kwenye foleni ya pantoni

Mara ya kwanza ilinizimikia Magogoni, kwenye mlango wa pantoni, magurudumu ya mbele yakiwa juu ya chuma na ya nyuma bado yako kwenye zege. Anayekaa Kigamboni anajua pale si mahali pa kuzimikiwa. Nyuma yangu kulikuwa na bajaji, bodaboda na watu wa miguu wasio na simile. Mpanga magari akapiga boneti kwa kiganja: "Bosi, klachi! Klachi!" Mke wangu hakusema kitu, alitazama baharini tu.

Gari ni Hilux ya zamani, pikapu yenye injini inayoitwa 3L (jina tu hilo, ukubwa wake ni lita 2.8), ya kabla ya mambo ya kompyuta. Nilikuwa nimetoka kwenye gari dogo la petroli, tena la otomatiki, kwa hiyo lawama nilizipokea bila ubishi. Na kweli kosa lilikuwepo. Kwenye foleni nilikuwa nang'ang'ania namba mbili huku gari likitembea mwendo wa bibi harusi, nikidhani nabana mafuta. Injini inatetemeka, mimi nimetulia. Kumbe dizeli ya namna hii haihitaji hata resi ili iondoke: weka namba moja, achia klachi polepole bila kugusa mafuta, kwenye tambarare itajivuta yenyewe.

Nikajirekebisha. Ikapungua kuzima, lakini haikuacha.

Siku iliyonifumbua macho ilizima nikiwa nimekanyaga klachi hadi chini, nasubiri zamu yangu, AC inapuliza. Injini haijashikana na gia kabisa, sasa mguu wangu unahusikaje hapo?

Fundi wa kwanza alisema pampu ya dizeli ishushwe na nozo zote nne zikapimwe. Akataja hela, nikamuuliza kama ni pamoja na gari. Wa pili, mzee mmoja kule Mjimwema, hakugusa spana kwanza. Aliuliza, "Asubuhi inawaka funguo moja?" Nikamwambia hapana, lazima niisumbue kidogo. "Basi inavuta upepo," akasema.

Hapo ndipo nilipojifunza kitu. Kutoka kwenye tenki mafuta hayasukumwi, yanavutwa na pampu. Mpira ukipata ufa upande huo, mara nyingi hauvuji dizeli, unaingiza hewa. Ndiyo maana kila asubuhi nilikuwa nachungulia chini ya gari na sioni hata tone. Ukiwa kwenye mwendo, injini inazunguka kwa nguvu na kiputo kimoja hakiisumbui. Kwenye sailensa, yaani injini ikizunguka polepole bila kukanyaga mafuta, haina akiba hiyo, hewa ikiingia kidogo tu inakata.

Mzee alibonyeza pampu ndogo ya mkono iliyo juu ya filta. Ilikuwa laini kama sifongo, ikabidi abonyeze mara nyingi ndipo ikakaza. Kisha akachomeka kipande cha mpira wa kuonesha kati ya filta na pampu, akawasha. Tukainama wote wawili. Viputo vilikuwa vinapita kimoja kimoja, kama soda. Tukafuata mpira kurudi nyuma mpaka tukaukuta ufa, umejificha chini ya klipu karibu na filta. Akabadilisha mpira na klipu mbili, akafunga filta mpya, na maji tuliyoyamwaga kutoka chini ya ile ya zamani yalijaza kifuniko cha chupa. Akatoa upepo. Kazi ya saa moja na nusu, nyingi ikiwa ni maongezi.

Ikabaki AC. Kompresa ikishika, sailensa ilikuwa inazama badala ya kupanda. Kuna kifaa cha vakyumu kinachovuta mkono wa pampu kidogo ili injini ipate nguvu ya kuzungusha AC, na kampira kake kembamba kalikuwa kamechomoka, kananing'inia tu. Akakarudisha. Sailensa yenyewe tuliipandisha kwa sikio, maana dashibodi yangu haina mshale wa mizunguko, mpaka kioo cha pembeni kikaacha kutetemeka.

Tangu hapo nimevuka na pantoni mara nyingi kwa namba moja, AC imewashwa, na haijazima hata mara moja. Mzee aliniachia kile kipande cha mpira wa kuonesha. Jirani yangu mwenye dizeli alikiazima mwezi uliopita na bado hajakirudisha.